Damu ya Tumboni: Klipu Itangulie Kisu

Anayetapika damu, au kupata choo cheusi kama lami, hudhaniwa mara moja kuwa ana vidonda vya tumbo, na mara nyingi dhana hiyo ni ya kweli. Lakini wapo wachache wasio na kidonda. Kwa kawaida ateri hupungua unene kadiri inavyoukaribia utando wa ndani wa mfuko wa chakula. Kwa watu hawa, ateri moja hubaki nene, milimita 1 hadi 3, mara nyingi karibu na pale umio unapoingilia. Utando wake ukichubuka kidogo tu, damu huruka kwa mapigo ya moyo. Tabibu Mfaransa Georges Dieulafoy aliuelezea ugonjwa huu mwaka 1898, na hadi leo unaitwa kwa jina lake.

Zamani mpasuaji alilazimika kufungua tumbo na kutafuta tundu dogo kama ncha ya pini ndani ya damu iliyojaa, na wagonjwa wengi walipoteza maisha. Siku hizi mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa mdomoni. Daktari huosha damu iliyoganda, hudunga adrenalini ili mshipa usinyae, kisha huubana kwa klipu ndogo ya chuma. Klipu ni ya lazima, kwa kuwa nguvu ya adrenalini ikiisha damu huweza kurudi. Ikishindikana, mrija hupenyezwa kupitia ateri ya kinena, ukaongozwa kwa eksirei hadi kwenye mshipa unaovuja, nao ukazibwa kutokea ndani.

Wanaoitilia shaka njia hii wanasema kamera huweza kuukosa mshipa uliotulia. Ni kweli, na ndiyo maana kipimo hurudiwa. Hata kisu hakioni kisichovuja. Pingamizi zito zaidi ni gharama: kwa nini tununue vifaa kwa ajili ya ugonjwa adimu? Jibu ni kwamba kifaa hakichagui ugonjwa. Kamera hiyohiyo hutibu vidonda vya kawaida vinavyovuja, na hufunga mishipa ya umio iliyovimba kwa sababu ya kichocho, maradhi yanayowatesa wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria. Upasuaji ubaki kwa pale mengine yote yaliposhindwa. Hospitali ya rufaa yenye kamera, klipu na mtaalamu wa zamu usiku itawaokoa wengi wenye maradhi ya kawaida, na yule mmoja mwenye ugonjwa adimu ataokolewa pamoja nao.