VUMBI LA UNGA LAWEZA KULIPUKA KAMA BARUTI

Watu wengi hudhani kwamba unga hauna hatari yo yote. Lakini tarehe 2 Mei 1878, katika mji wa Minneapolis, Marekani, kinu kikubwa cha ngano kilichoitwa Washburn A kililipuka. Jengo lake la mawe lilibomoka, vinu vya jirani viliteketea, na watu 18 walikufa. Hapakuwa na baruti mle. Palikuwa na vumbi la unga na moto.

Sababu yake ni hii. Kitu hakiwezi kuwaka pasipo hewa. Gogo huwaka polepole, kwa kuwa hewa huligusa kwa nje tu. Likipasuliwa vijiti, huwaka upesi. Basi vumbi likitanda hewani, kila chembe imezungukwa na hewa pande zote. Likikutana na cheche, chembe zote huwaka karibu mara moja. Hewa hupata joto kali na kutanuka kwa nguvu, na ikiwa imefungiwa chumbani, hupasua kuta. Unga uliomo guniani haulipuki hivyo. Walakini vumbi la sukari, la mbao na la makaa ya mawe lina tabia iyo hiyo.

Mara nyingi mlipuko wa kwanza huwa mdogo. Lakini hutikisa nyumba, na vumbi lililolala juu ya boriti na mashine huruka hewani. Ndipo hufuata mlipuko wa pili ulio mkubwa zaidi. Ndivyo ilivyotokea tarehe 7 Februari 2008 katika kiwanda cha sukari huko Port Wentworth, jimbo la Georgia, Marekani, ambako watu 14 walikufa.

Kwa hiyo kila mwenye kinu cha mahindi au karakana ya seremala na ayashike haya:

1. Vumbi lizolewe kila siku, hata lile la juu ya boriti, wala lisipeperushwe kwa upepo wa mashine.

2. Mtu ye yote asivute sigara wala kuingia na taa ya moto.

3. Beringi za mashine zitiwe grisi. Mashine ikipata joto kupita kiasi, isimamishwe.

4. Unga ukishika moto, usipigwe maji kwa nguvu, maana utaruka hewani. Maji yanyunyizwe taratibu.

Kipimo chake ni rahisi: ikiwa rangi ya mashine au ya sakafu haionekani kwa vumbi, jueni ya kuwa limekwisha kuzidi. Shikeni ufagio kabla ya kuwasha mashine.