Beki Aliyekabidhi Jezi: Somo la Nadir Haroub "Cannavaro"

Kila siku baada ya swala ya Alasiri, vijana wetu wa Katandala huelekea kiwanjani, na hata upepo wa baridi wa Ufipa hauwazuii. Kila mmoja hutaka kuwa Samatta. Wa kucheza nyuma hupatikana kwa kubembelezwa. Ndiyo maana tumeona tuwaeleze wao na wazazi wao habari za beki mmoja, Nadir Haroub wa Zanzibar, aliyepewa jina la "Cannavaro" kwa kufananishwa na nahodha wa Italia iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 2006.

Nadir aliitumikia Yanga kwa zaidi ya miaka kumi, akawa nahodha wa klabu hiyo na wa Taifa Stars. Kazi ya beki haina sifa nyingi: akizuia mara ishirini hakuna anayehesabu, akikosea mara moja uwanja mzima humtazama yeye. Hata hivyo, tarehe 1 Machi 2014, jijini Dar es Salaam, yeye ndiye aliyefunga bao pekee lililoilaza Al Ahly ya Misri, mabingwa wa Afrika wa wakati ule. Katika marudiano Yanga ilifungwa 1-0, ikatolewa kwa mikwaju ya penalti.

Mtihani wake mwingine haukuwa wa mpira. Januari 2016, Mbwana Samatta alitunukiwa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani, kisha akakabidhiwa unahodha wa Taifa Stars. Hakuna aliyebisha kwamba Samatta alistahili. Lakini Nadir alitangaza kuacha kuichezea timu ya taifa, akilalamikia namna alivyovuliwa cheo hicho.

Wapo waliomlaumu, wakisema cheo ni dhamana na mwenye kupewa hana budi kukirudisha. Ni kweli. Lakini na anayekipokea kwa niaba ya watu ana wajibu wa kumwambia mwenzake ana kwa ana, na kumshukuru.

Tunasema hivi kwa kuwa yametufika. Kamati yetu iliwahi kumbadilisha mtunza hazina, mzee aliyetunza senti za msikiti kwa miaka mingi. Tukatangaza baada ya swala ya Ijumaa kabla ya kumwambia. Wiki tatu safu ya mbele ilimkosa. Tulikwenda nyumbani kwake kumwomba radhi, alitukaribisha, akasema: "Wanangu, daftari mngelichukua tu. Mimi nilitaka salamu."

Agosti 2018, Nadir aliagwa na Yanga kwa mchezo maalumu mjini Morogoro, na jezi yake namba 23 akamkabidhi kijana kutoka Zanzibar, beki mwenzake, Abdallah Shaibu "Ninja". Safari hii aliitoa kwa mkono wake mwenyewe.

Basi wazazi, mnapowafundisha watoto kushika uongozi, wafundisheni na kuukabidhi. Nasi viongozi, kabla ya kutangaza mbele ya watu, tubishe hodi kwanza.