Mgonjwa wa Kisukari Kama Msimamizi wa Matibabu Yake

Mgonjwa wa kisukari anayehudhuria kliniki mara moja kwa mwezi na kuonana na daktari kwa dakika 20 hupata jumla ya saa 4 za ushauri kwa mwaka. Mwaka una saa 8,760. Katika saa zote zinazobaki, anayeamua chakula kiwe kipi na dawa itumike lini ni mgonjwa mwenyewe. Kwa sababu hiyo, elimu anayopewa ni sehemu ya tiba yenyewe.

Elimu hiyo huanza na kuelewa kinachotendeka mwilini. Insulini, homoni inayotengenezwa na kongosho, huwezesha sukari kutoka katika damu na kuingia katika seli. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kongosho hushindwa kuitengeneza, hivyo mgonjwa hana budi kuchoma sindano ya insulini kila siku. Katika aina ya pili, mwili hauitikii insulini ipasavyo, na baada ya muda hata kiasi kinachotengenezwa hupungua. Sukari inaweza kubaki juu kwa miaka bila maumivu, huku ikiharibu macho, figo na neva. Kujisikia vizuri, basi, si sababu ya kuacha dawa.

Hatua inayofuata ni kupima na kuandika. Kwa watu wazima wengi, lengo kabla ya kula ni milimoli 4 hadi 7 kwa lita, ingawa daktari anaweza kulibadili kwa mjamzito au mzee. Kando ya kila namba, mgonjwa aandike alichokula na dawa aliyotumia. Namba ikipanda kila baada ya sahani kubwa ya ugali au wali, daftari litakuwa limeonyesha pa kuanzia. Nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe wanga, na robo iwe maharage, samaki au nyama.

Hatari inayohitaji uamuzi wa haraka ni sukari kushuka chini ya 4. Dalili zake ni kutetemeka, kutokwa jasho, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa. Mgonjwa anywe mara moja maji yaliyokorogwa vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari, apime tena baada ya dakika 15, na arudie ikiwa bado iko chini. Ikipanda, ale chakula. Aliyepoteza fahamu asitiliwe kitu chochote kinywani, akimbizwe hospitali. Jamaa wa nyumbani nao wafundishwe jambo hili.

Miguu itazamwe kila siku, pamoja na nyayo na katikati ya vidole. Neva zilizodhoofika hazitoi taarifa ya mwiba wala malengelenge, na kidonda kidogo kilichopuuzwa kinaweza kuishia katika kukatwa mguu. Mgonjwa asitembee peku, na asikande miguu kwa maji ya moto.

Insulini nayo huharibiwa na joto. Pasipo jokofu, chupa ifungwe ndani ya mfuko usiopenya maji, kisha iwekwe katika chungu cha udongo kinacholowanishwa maji na kuwekwa kivulini. Isigandishwe kamwe.

Kwa mhudumu wa afya, kuuliza "Umeelewa?" hakutoshi, kwa kuwa jibu huwa "Ndiyo". Amwombe mgonjwa aeleze kwa maneno yake atakachofanya nyumbani, au aonyeshe namna anavyochoma sindano. Vilevile asimkaripie mwenye namba kubwa. Mgonjwa aliyeaibishwa huja safari inayofuata na daftari lenye namba nzuri za kubuni, na dozi itakayopangwa kwa namba hizo inaweza kumdhuru. Daftari la kweli, hata likiwa na namba mbaya, lipokewe kwa shukrani, kisha wawili hao walisome pamoja.