Mwaka Mpya wa Makunduchi

Kila Julai huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, wanaume wa pande mbili za mji hukabiliana na mashina ya migomba mkononi, wakatwangana kwelikweli. Kisha kibanda cha makuti hutiwa moto mtu akiwa ndani, naye huchomoka mbio. Wanawake waliojipamba huzunguka wakiimba. Ndiyo Mwaka Kogwa.

Wageni hushangaa: mwaka mpya Julai? Mwaka huu wa jua, Nairuzi, una siku 365 tu, zikihesabiwa kumi kumi. Wakulima na wavuvi waliufuata kwa kuwa mwaka wa Kiislamu huandama mwezi, hivyo hauwezi kuwaambia mvua na pepo zinaingia lini. Ila mwaka wa Nairuzi hauongezwi siku, basi kila miaka minne hurudi nyuma siku moja. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 ulianguka Agosti. Wairani, wenye Nairuzi yao, walirekebisha kalenda mwaka 1079, na sherehe yao ni Machi. Waparsi wengi wa India, wenye asili ya Iran, hawakuyafuata marekebisho hayo, nao mpaka leo huadhimisha Julai au Agosti.

Hiyo ni tarehe. Na kupigana je? Mwanaanthropolojia Max Gluckman, katika mhadhara uliochapishwa mwaka 1954, alichambua sherehe za Wazulu na Waswazi ambamo watu huruhusiwa kuvunja adabu, hata kumsimanga mfalme. Kwake, ruhusa hiyo huuimarisha utawala, maana hakuna anayetaka ufalme wenyewe uondoke. Makunduchi nako husemwa kwamba chuki za mwaka mzima huishia uwanjani. Maelezo hayo ni matamu mno kwangu. Nani amezipima chuki hizo kabla na baada? Ninachokiona ni masharti: silaha laini, pande zinazojulikana, na wakati wa kuacha. Mtu mwenye kisasi cha kweli hangoji Julai.

Baadhi ya masheikh huiita sherehe hii bidaa, yaani uzushi katika dini, wakati wengi wanaoshiriki ni Waislamu wanaosali. Watafiti wa zamani wangesema haya ni mabaki ya dini iliyotangulia Uislamu, kana kwamba watu wamesahau kuyatupa. Wapo pia wanaolalamika kwamba watalii wameiharibu sherehe. Lakini kwa desturi, nyumba isiyopata mgeni siku hiyo huhesabiwa kuwa na nuksi, kwa hiyo mtalii mwenye kamera naye huvutwa ndani akala wali.