Kipande cha Lukaya

Baba yangu ana kipande cha chuma kwenye nyonga ya kushoto. Katika picha ya eksirei aliyopigwa hapa Mpanda kinaonekana cheupe, kikubwa kama punje ya hindi, kimekaa pembeni kidogo ya mfupa. Daktari kijana aliyemhudumia alimuuliza kama aliwahi kuvamiwa na majambazi. "Hapana, mwanangu," baba akamjibu, "hicho ni cha Lukaya." Daktari akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa ana kipande cha chuma cha siku nyingi mwilini. Karatasi hiyo ndiyo iliyomfanya baba, katika uzee wake, aniambie nimwandikie barua ya kuomba nishani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na nyumbani kwetu Kawajense barua zote za ukoo naandika mimi: za mirathi, za ada, za mipaka ya mashamba. Hii ilinipa shida kuianza, maana ilibidi kwanza nielewe ni nini hasa kilimpata, na kwa nini alinyamaza miaka yote hiyo.

Kwa waliozaliwa baadaye, vita yenyewe, ile ya Kagera, ilikuwa hivi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, yakaua raia na kupora mali, na tarehe 3 Novemba yakalivunja daraja la Kyaka. Siku moja kabla ya hapo Mwalimu Nyerere alikuwa ameshalitangazia taifa kwamba sababu ya kumpiga Amin tunayo, uwezo tunao na nia tunayo. Wanajeshi waliokuwepo hawakutosha. Wakaitwa polisi, askari magereza, vijana wa JKT, na mgambo kwa maelfu kutoka mikoani. Baba alikuwa mgambo Inyonga. Siku hizo wilaya ya Mpanda ilikuwa ndani ya mkoa wa Rukwa. Katavi ilikuja kuwa mkoa mwaka 2012. Alipanda treni ya Mpanda hadi Kaliua, akapita Tabora na Mwanza, akavuka ziwa kwa meli hadi Bukoba. Kumbukumbu yake kubwa ya safari ile ni kutapika usiku kucha.

Januari 1979 jeshi letu liliivuka Mutukula, na tarehe 24 Februari likaichukua Masaka. Mbele yake kulikuwa na barabara ya Kampala inayokatiza kinamasi kikubwa, na kwenye barabara hiyo hiyo mji mdogo wa Lukaya. Kazi ya kusonga mbele kwa barabara hiyo ilipewa Brigedi ya 201 chini ya Brigedia Imran Kombe. Brigedi hiyo karibu yote ilikuwa mgambo, na wengi wao hawakuwa wamewahi kupigana. Baba alikuwa mmoja wao.

Jioni ya tarehe 10 Machi wakaangukiwa na makombora. Amin alikuwa amesaidiwa na wanajeshi wa Libya waliokuja na silaha nzito, na vijana waliotoka kulima mpunga na tumbaku walikuwa hawajapata kusikia kishindo cha namna ile. Walikimbia. Walitoka barabarani wakaingia kwenye mafunjo, maji yakiwafika kiunoni, giza likiwa limeshatanda. Baba anasema alihisi kama amemwagiwa maji ya moto nyongani, akadhani ni hofu tu. Alipojaribu kunyanyua mguu ndipo alipoanguka. Mwenzake mmoja, Mfipa wa kutoka upande wa Sumbawanga, alimshika ukosi wa shati akamburuta mpaka kwenye kichuguu chenye udongo mkavu, akamlaza hapo, akamfunga jeraha kwa kitambaa alichokichana kwenye fulana yake. Wakakaa hapo hadi alfajiri wakisikiliza vyura na risasi.

Asubuhi alichukuliwa kwa lori kurudishwa Masaka, baadaye Bukoba. Kwa hiyo hakuona kilichofuata, na nadhani hapo ndipo shida yote ilipoanzia. Kulipokucha tarehe 11, Brigedi ya 201 ilikuwa imejipanga upya. Iliwashambulia maadui kwa mbele huku Brigedi ya 208 ikiwapiga kutoka nyuma, na jeshi la Amin na Walibya wake wakasambaratika wakiacha mamia ya maiti. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ilikuwa mikononi mwetu. Wenzake waliokimbia naye jioni ndio walioshinda asubuhi. Yeye alibaki na ile jioni tu.

Alirudi Inyonga akachechemea mashambani. Walipoitwa wapiganaji kwenye mikutano hakwenda. Tulipokuwa watoto tulijua baba "aliumia jeshini", basi. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, alisikiliza redio hadi mwisho wa gwaride, kisha anazima na kwenda shambani. Majuzi tu, tukiwa tumekaa barazani na ile picha ya eksirei, ndipo aliponiambia: "Mama, mimi nilipigwa nikiwa nakimbia. Mtu anayekimbia anapewa nishani ya nini?"

Swali hilo nililifanyia kazi kuliko jingine lolote. Nikagundua kuna nchi iliyokwisha kulijibu. Marekani wana nishani inayoitwa Purple Heart, moyo wa zambarau wenye sura ya George Washington, ambaye mwaka 1782 alianzisha beji iliyoizaa. Kwa umbo la leo imekuwepo tangu 1932. Nishani hiyo haihitaji kamanda akupendekeze wala haipimi ushujaa wako. Inataka mambo mawili: kwamba uliumizwa na adui, na kwamba jeraha lilihitaji kutibiwa na mganga na likaandikwa. Ulikuwa unasonga mbele, unarudi nyuma au umelala usingizi, hilo halimo. Na haina kikomo cha muda: wazee wa vita vya 1945 na vya Korea wameiomba wakiwa na miaka zaidi ya themanini, na hata ndugu wa marehemu wanaruhusiwa kuiomba.

Nilimsomea baba habari hiyo kwa Kiswahili. Akakaa kimya, kisha akaniomba niirudie ile sehemu ya kurudi nyuma.

Kwetu mambo yamekaa tofauti. Nishani ya Kagera ilitolewa kwa ajili ya utumishi katika vita ile. Inahesabu kwamba ulikuwepo, iwe ulirudi mzima au na mkongojo. Nishani za ushupavu nazo ni habari nyingine, zinahitaji tendo na shahidi wa tendo. Waingereza, ambao wazee wetu wa KAR, jeshi lao la kikoloni, waliwapigania hadi Burma, hawana nishani ya jeraha hata leo; mwaka 1916 walianza kuwashonea majeruhi ufito mdogo kwenye mkono wa kushoto wa koti, basi. Kwa hiyo barua ya baba niliiandika kwa Nishani ya Kagera, kwa kuwa alikuwepo, na jeraha nikaliweka kama ushahidi wa kuwepo kwake. Nadhani wazee wengi wanakosa hapo: wanaandika barua moja inayoomba nishani, fidia ya ulemavu na pensheni kwa pamoja, nayo inazunguka ofisi hadi ofisi kwa sababu kila mtu anaona si yake. Nishani ni heshima. Fidia ni haki inayohitaji ripoti ya daktari na taratibu zake. Ziandikwe mbali mbali.

Kikwazo kikubwa ni karatasi. Cheti cha baba cha kuruhusiwa kurudi nyumbani kililiwa na mchwa pamoja na sanduku lake. Jina aliloandikishwa nalo ni la babu yake, kama ilivyokuwa desturi ya wengi, wakati kitambulisho chake cha taifa kina jina la ubatizo. Ofisi moja nisiyotaka kuitaja ilitujibu kwamba mtu huyo hayumo kwenye orodha, na hawakukosea, kwa jina hilo hayumo. Hata matajiri wana tatizo hili. Tarehe 12 Julai 1973 jengo la kumbukumbu za wanajeshi la St. Louis, Marekani, liliungua na mafaili kati ya milioni 16 na 18 yakateketea, na mpaka leo wazee wao wanathibitisha majeraha kwa barua za zamani na maneno ya wenzao waliokuwa nao.

Na sisi tulifanya hivyo. Hati ya kiapo ya majina mawili kuwa ya mtu mmoja. Barua ya mtendaji wa kata. Ripoti ya daktari pamoja na eksirei, ikisema kwamba kipande ni cha chuma na kovu ni la siku nyingi. Na la muhimu kuliko yote, shahidi: yule Mfipa yu hai. Tulimpata kupitia mpwa wake anayeuza mchele sokoni. Aliposhikishwa simu hakusalimia kwanza, aliuliza, "Mguu unakunja?" Baba akacheka mpaka akalia. Yule mzee akaapa mbele ya hakimu huko aliko, akataja brigedi, tarehe, kile kichuguu, hata fulana aliyoichana. Faili zima tukalikabidhi kwa Mshauri wa Mgambo wa wilaya, aliyelipokea kwa heshima na kugonga muhuri nakala yetu.

Jibu halijaja. Ninachoomba hadharani, na ninakiomba kwa moyo wote, ni kwamba kila wilaya iliyopeleka mgambo mwaka 1978 iwaite wazee wake kwa jina walilopigania, iandike walipojeruhiwa, na ichukue viapo vyao sasa. Waliokufa wana mnara wao Kaboya, wilayani Muleba, na wanastahili. Waliobaki na vyuma mwilini wanategemea kumbukumbu za wenzao, na wenzao hao wanazikwa kila mwaka.

Baba ameshaanza kunitajia wengine. Mmoja alifia Inyonga akiwa hana vidole vitatu vya mkono wa kulia, na mjane wake anaishi bado. Baba alikuwa naye kwenye lori lile la kurudi Masaka. Safari hii shahidi ni yeye, na Jumatatu tunakwenda mahakamani akaape.