Kiti chakavu cha mtoto ni hatari garini

Mzazi anayenunua kiti cha mtoto cha gari katika soko la mitumba hutazama kwanza kitambaa na bei. Ni nadra kukigeuza, ilhali lebo yenye habari zake hubandikwa mgongoni au chini.

Katika viti vya Ulaya, lebo hiyo huwa ya rangi ya chungwa. Katika viti vya kanuni ya R44, nambari ya idhini ikianza na 01 au 02, kiti ni cha toleo la kale, na matumizi yake yalipigwa marufuku katika Umoja wa Ulaya mwaka 2008. Watengenezaji wengi pia huweka ukomo wa matumizi, aghalabu miaka 6 hadi 10, kwa kuwa plastiki hudhoofishwa na joto na jua. Na jua la Dar es Salaam halina huruma kwa gari lililoegeshwa. Kiti kilichopata ajali huweza kuwa na ufa usioonekana, jambo ambalo muuzaji mwenyewe huenda halijui.

Hata kiti kipya huweza kuua. Kile kinachomlaza mtoto mchanga akitazama nyuma kisifungwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwani ukifumuka hukipiga kiti kwa kishindo, usawa wa kichwa cha mtoto. Kifungwe nyuma, mkanda ukazwe hadi kisisogee zaidi ya sentimeta 2.5.