UGONJWA HAUULIZI DINI

Ugonjwa wa kuambukiza ukiingia mahali, watu huanza kutafuta wa kulaumiwa. Tujifunze kwa yaliyotokea India mwaka 2020, wakati wa Korona.

Mwezi Machi mwaka huo, Waislamu wa jumuiya ya Tabligh walikutana katika makao yao ya Nizamuddin, mjini Delhi. Wengi walipopimwa walikutwa na virusi. Ni kweli, mkusanyiko ule ulieneza ugonjwa, kama mkusanyiko wowote uwezavyo kufanya. Lakini baadhi ya televisheni, na ujumbe wa simu, vikadai kwamba Waislamu wanaeneza Korona makusudi.

Hofu ilikuaje? Watu wa Tabligh walitafutwa na kupimwa sana. Ukilipima kundi moja zaidi ya mengine, utapata wagonjwa wengi zaidi humo. Kisha idadi yao ikatangazwa peke yake, siku kwa siku. Msikilizaji akadhani ugonjwa una dini. Wauza mboga Waislamu wakafukuzwa mitaani.

Kesi zikafunguliwa. Mwezi Agosti 2020 Mahakama Kuu ya Bombay ilifuta kesi za wageni kadhaa, wakiwamo Watanzania, ikasema wamefanywa mbuzi wa kafara. Wahindi 70 walisubiri hadi Julai 2025 ndipo Mahakama Kuu ya Delhi ikafuta kesi zao.

Je, sisi kambini? Tunachota maji bomba moja, tunapanga foleni moja ya posho. Kanisa au msikiti mmoja ukinyooshewa kidole, mama wa huko mwenye mtoto anayeharisha atamficha ndani. Zahanati haitajua. Kipindupindu kitapita majini hadi kwa yule aliyelaumu.

Kwa hiyo tufanye hivi:

1. Ukisikia habari redioni au kwenye simu, uliza: nani amesema, naye amejuaje? Kama huna hakika, usiipeleke kwa mwingine. Muulize mhamasishaji wa afya wa mtaa wako.
2. Taja jambo la hatari, kama maji machafu au msongamano. Usitaje dini wala kabila.
3. Mgonjwa asindikizwe zahanati, asizomewe.
4. Viongozi wa dini, mkitangaza habari za ugonjwa, tangazeni pamoja.

Ndugu zangu, wengi wetu tulikimbia makwetu baada ya jirani kuambiwa kwamba jirani yake ni adui. Maneno hayo tunayafahamu. Tusiyape nafasi hapa.